Kambi ya ufukweni na kuzunguka visiwa: panga na maji kwanza

Nimekuwa nikipanga safari hizi na marafiki kwa miaka mingi, mara tukiwa sita, mara kumi na wawili. Makundi mengi huanza kwa kubishana nani alete spika na nani apike. Hayo yanaweza kungoja. Kupwa na kujaa kwa bahari ndiko kunakoamua mtalala wapi, mtaondoka saa ngapi na kisiwa kipi kitafikika siku ipi.

Hatua ya 1: Soma jedwali la maji kabla ya kukubaliana tarehe

Pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kama Ijumaa maji yanajaa saa 4:00 asubuhi, Jumapili yatajaa karibu na saa 5:40.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana, kisha hutoka mbali sana. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu na tofauti yake ni ndogo. Kundi likiwa na watu wasioizoea bahari, mimi huchagua maji mafu. Wapo watakaotaka mwezi mpevu kwa sababu ya picha. Waelewesheni kwamba maji yakijaa usiku huo, ufukwe wa kulala utabaki mwembamba.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huondoka kidogo tu, lakini katika saa ya tatu na ya nne huondoka karibu nusu ya maji yote. Safari moja tulitia nanga kwenye kisiwa kidogo maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kupwa. Nahodha alitupa saa moja, sisi tukakaa mbili na nusu. Tuliporudi maji yalikuwa magotini. Wakati tunapakia yakawa ya vifundoni, mara boti ikalala ubavu juu ya mchanga. Tulikaa pale zaidi ya saa saba kwenye jua, watu tisa na dumu moja la lita 5, kwa sababu maji mengine tuliyaacha kambini. Tangu siku ile saa ya nahodha ndiyo saa yetu, na maji ya kunywa ya siku nzima hupanda botini pamoja nasi.

Hatua ya 2: Kagua boti, kisha panga njia

Muulize nahodha boti inabeba watu wangapi *pamoja na mizigo*. Kila mtu avae jaketi okozi lake na kulifunga mkiwa bado nchi kavu. Likimpanda hadi masikioni, si saizi yake. Kama kuna redio ya baharini, mjue wote kwamba chaneli 16 ndiyo ya kuombea msaada.

Kisiwa cha mbali kiwe cha kwanza, asubuhi. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko bahari, upepo huanza kuvuma kutoka baharini na mawimbi huinuka.

Mwachieni mtu wa nchi kavu karatasi yenye majina yenu, njia mtakayopita, saa ya kurudi, na saa ambayo asipowasikia aanze kuomba msaada.

Hatua ya 3: Maji na mizigo

Mimi huhesabu lita 4 za maji ya kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, kisha naongeza siku moja ya dharura. Watu 8 kwa siku mbili ni lita 64, na ya dharura 32: jumla 96. Yagawe kwenye madumu ya lita 5 au 10. Dumu kubwa ni mateso kulibeba maji yakiwa kiunoni, na likipasuka mmepoteza mengi kwa mpigo.

Hatua ya 4: Piga kambi juu ya mwani mkavu

Tazama mistari ya mwani mchangani. Mara nyingi iko miwili: mbichi wa chini ni wa leo, na mkavu wa juu uliachwa na bamvua. Hema likae juu ya ule mkavu, hata kama pale chini panapendeza zaidi.

Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Jaza mchanga kwenye mfuko, funga kamba ya hema shingoni mwake, uzike kama sentimita 40 na ushindilie kwa mguu. Upepo hauung'oi. Mkikuta alama pana kama za tairi la trekta zikipanda kutoka majini, hapo amepita kasa: hamisheni hema na mzime taa nyeupe.

Moto uzimwe kwa maji, msiufukie. Makaa chini ya mchanga hukaa na joto kwa saa nyingi, na atakayeyakanyaga atakuwa peku.

Hatua ya 5: Hesabuni watu

Kila mtu awe na mwenzake wa kuogelea naye, na mhesabiane kila mnapopanda boti. Kwenye maji mafupi vaeni viatu na mburute nyayo, samaki taa aliyejifukia apate kukimbia. Akimchoma mtu, mtumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyastahimili, dakika 30 hadi 90, kisha apelekwe hospitali.

Mkishafika nchi kavu, kabla hata ya kushusha mizigo, mpigieni simu yule mliyemwachia karatasi.