Kanga mbichi mezani: namna ya kufundisha mwendo wa mabamba ya dunia

Mwalimu mwenzangu wa jiografia, andaa kanga, ndoo ya maji, daftari, donge la unga wa chapati na meza laini. Narudia, laini. Mara ya kwanza nilitumia meza yenye mikwaruzo, kanga ikagoma, darasa likacheka.

Hatua ya 1. Tandaza kanga mezani. Hiyo ni sakafu ya bahari. Juu yake, mbali na ukingo, weka daftari: hilo ni bara.

Hatua ya 2. Chovya karibu nusu ya kanga, ining'inize ukingoni, kisha achia. Upande mbichi utashuka ukiburuta wote, daftari likiwa limepanda humo kama abiria.

Hapa usiharakishe. Tumezoea mfano wa uji unaotokota: mwamba wa moto unapanda, unapoa, unashuka, ukibeba mabamba, yaani vipande vikubwa vya mwamba vinavyoifunika dunia. Si uongo, maana joto ndilo mtaji wa kazi yote. Lakini mwanafunzi huondoka akiamini chini ya miguu yake kuna bahari ya moto. Mantili, tabaka lililo chini ya ganda, ni mwamba mgumu unaojongea polepole mno. Na kinachovuta zaidi ni uzito wa bamba lenyewe. Sakafu ya bahari huzaliwa ikiwa moto, hupoa kadiri inavyosogea, huwa nzito, mwisho hupiga mbizi chini ya bamba jingine. Maji ya kanga ndiyo uzito huo.

Linganisha: bamba la Pasifiki, lenye kingo ndefu zinazozama kutoka Tonga hadi Japani, husogea sentimita 7 hadi 10 kwa mwaka. La Afrika, ambalo karibu halina ukingo unaozama, sentimita 2 hivi.

Hatua ya 3. Vuta donge taratibu pande mbili. Linakonda katikati kabla ya kukatika. Ndilo Bonde la Ufa: joto la chini limeinua nyanda za Ethiopia na Kenya, na ardhi inapasuka, pande mbili za bonde zikiachana. Palipokonda pamedidimia, Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Kasi ni milimita chache kwa mwaka, ila ardhi hulimbikiza deni na kulilipa kwa mkupuo: mwaka 2005 huko Afar, Ethiopia, ufa wa kilomita 60 hivi ulifunguka ndani ya wiki chache.

Lazima mmoja aulize bahari itafika lini Dodoma. Mpe chaki: milimita 5 mara miaka 1,000,000, ageuze kuwa kilomita.