Pedi ya Darajani kwenye Godot

Pedi yangu ya kuchezea gemu nilinunua sokoni Darajani, ndani ya mfuko wa plastiki, haina jina wala karatasi ya maelezo. Nilikuwa natengeneza gemu ya resi za ngalawa kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu. Kuichomeka tu, kitufe cha kupandisha tanga kikawa kinafunga gemu. Nikakesha nabadilisha namba za vitufe ndani ya skripti mpaka ikakubali. Asubuhi mpwa wangu akaja na pedi yake, aina nyengine, na kazi yote ya usiku ikavurugika.

Kosa langu lilikuwa hilo la kugusa skripti ya gemu. Gemu iache ijue a, b, x na y tu, yaani majina ya vile vitufe vinne vya upande wa kulia. Pedi ndiyo ya kutafsiriwa.

Kabla ya yote tazama taa nyekundu katikati ya pedi. Ikiwa imezima, pedi nyingi za aina hii hupeleka msalaba wa mishale kama kijiti cha kushoto, nawe utahangaika bure. Bonyeza kitufe kilicho karibu nayo iwake.

Sasa weka hii kwenye nodi yoyote, ubonyeze kitufe kimoja kimoja:

func _input(e):
    if e is InputEventJoypadButton:
        print(Input.get_joy_guid(e.device), " ", e.button_index)

Andika pembeni kila namba unayoiona. Ila kama Input.is_joy_known(0) inajibu true, Godot inadhani inaijua pedi hiyo na namba zimeshatafsiriwa. Hapo, kwa Linux, fungua jstest /dev/input/js0, programu ndogo ya kupima pedi, uzione zilivyo kabla ya kutafsiriwa.

Pedi yangu imeandikwa 1 juu, 2 kulia, 3 chini, 4 kushoto. Kompyuta huhesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo 3 ya chini ni b2, b ikiwa ni kitufe chenyewe cha pedi. Na herufi a maana yake ni kitufe cha chini, hata kiwe kimeandikwa nini. Hapa ndipo nilipopotelea mimi. Mstari wangu wa tafsiri ukawa huu, kushoto kwa nukta mbili jina linalojulikana na gemu, kulia namba ya pedi (a0 na a1 ni kijiti, h0 ni msalaba wa mishale):

Input.add_joy_mapping("GUID,Pedi ya Darajani,a:b2,b:b1,x:b3,y:b0,leftx:a0,lefty:a1,start:b9,dpup:h0.1,dpright:h0.2,dpdown:h0.4,dpleft:h0.8,platform:Linux", true)

Palipoandikwa GUID, yaani kitambulisho cha pedi, bandika ile ndefu uliyochapishiwa na Godot yenyewe, usichukue ya mtu. Kwenye Windows pedi hiyohiyo hutoa nyengine, na platform uibadilishe. Hiyo true ya mwisho inaigusa pedi iliyokwisha kuchomekwa. Bila yake utaitoa na kuirudisha kila mara.

Ngalawa ikijiendea yenyewe bila mtu kugusa, kijiti hakirudi sifuri sawasawa. Ongeza deadzone, yaani kiasi cha mwendo mdogo wa kijiti kinachopuuzwa, kwenye Input Map, ile orodha ya vitendo na vitufe katika mipangilio ya Godot. Mimi niliweka 0.25.

Pedi ya mpwa wangu ilitaka mstari wa pili tu. Tukashindana mpaka umeme ukakatika, yeye akiwa mbele.