Kujiandaa kwa Safari ya Nje: Hati, Masharti ya Kuingia na Ukaguzi wa Mpakani

Wasafiri wengi huamini kwamba anayeamua kama wataingia katika nchi ya kigeni ni afisa wa uhamiaji watakayemkuta huko waendako. Kwa sehemu kubwa uamuzi huo hufanyika mapema zaidi, kwenye kaunta ya shirika la ndege katika uwanja wa kuondokea. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 unaosimamia usafiri wa anga, shirika lililomleta abiria aliyekataliwa kuingia ndilo lenye wajibu wa kumwondoa, na nchi nyingi hulitoza faini pale abiria anapofika bila hati zinazotakiwa. Kwa sababu hiyo mashirika mengi huhakiki hati za abiria kwa kutumia Timatic, hifadhi ya masharti ya kuingia inayotunzwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Hifadhi hiyo ikionyesha kwamba kuna sharti hukulitimiza, hupandi ndege, hata ukiwa na hakika kwamba afisa wa huko angekuelewa. Ni busara basi kuandaa safari nzima kana kwamba mtihani wako uko kwenye kaunta hiyo, ambapo maelezo marefu hayana uzito na karatasi pekee ndiyo inayosikilizwa.

Pasipoti

Anza na tarehe ya mwisho ya pasipoti kabla hujanunua tiketi. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita zaidi, nyingine zikihesabu kuanzia siku ya kuingia na nyingine kuanzia siku ya kuondoka, kwa hiyo aliye salama ni yule anayehesabu kuanzia siku ya kuondoka. Nchi 29 za eneo la Schengen barani Ulaya, ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kwenye mipaka iliyo kati yao, zina kanuni yao: pasipoti iwe halali kwa angalau miezi mitatu baada ya siku unayopanga kuondoka humo, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Sharti hili la pili huwanasa watu ambao pasipoti zao ziliongezewa muda, kwa kuwa tarehe ya mwisho inaonekana nzuri ilhali tarehe ya kutolewa imekwisha kupita kikomo. Anayeomba viza ya Schengen huhitaji pia kurasa mbili tupu.

Kisha fungua ukurasa wenye picha na uangalie mistari miwili iliyo chini kabisa, ambayo kila mmoja una herufi, tarakimu na alama zinazotimia 44. Hiyo ndiyo sehemu inayosomwa na mashine. Katika mstari wa kwanza jina la ukoo hutangulia, likafuatiwa na alama mbili za <<, halafu yanakuja majina mengine yaliyotenganishwa na alama moja ya <. Tiketi na ombi la viza viandikwe kwa mpangilio na tahajia ya mstari huo, wala si kwa jina ambalo watu wamezoea kukuita. Tatizo la kawaida ni la mtu aliyebadilisha jina baada ya ndoa akanunua tiketi kwa jina jipya wakati pasipoti bado ina jina la zamani. Kurekebisha tiketi wiki mbili kabla ya safari ni usumbufu mdogo; kurekebisha saa mbili kabla ya ndege kuruka mara nyingi ni kununua tiketi nyingine. Pasipoti iliyolowa, iliyochanika au iliyoachia gundi kwenye ukurasa wa picha ihesabiwe kuwa imekwisha, kwa kuwa wapo maafisa wanaoikataa papo hapo.

Viza na idhini za kielektroniki

Swali la kujiuliza ni kama mwenye pasipoti kama yako, anayekwenda kwa shughuli yako, anahitaji viza. Utalii, mkutano wa biashara, masomo, ajira na kupita tu ni mambo matano tofauti kisheria, na ruhusa ya moja haiwi ruhusa ya jingine. Hata pale viza isipohitajika, siku hizi mara nyingi kuna idhini ya kielektroniki inayopaswa kupatikana kabla ya kupanda ndege: Marekani ina ESTA kwa raia wa nchi zilizomo katika mpango wake wa msamaha wa viza, na Uingereza ina ETA. Zipo pia fomu za kuwasili, ambazo si viza wala idhini, ila nazo huulizwa. Singapore na Thailand, kwa mfano, hutaka fomu ijazwe mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na zote mbili ni bure.

Hapo kwenye neno bure pana mtego. Ukitafuta idhini hizi kwenye intaneti, tovuti za kwanza kujitokeza mara nyingi ni za madalali wanaotoza pesa kwa fomu isiyolipiwa, au wanaoongeza ada mara kadhaa juu ya ile ya serikali. Njia ya uhakika ni kuingia kwanza katika tovuti ya wizara ya mambo ya nje, ubalozi au idara ya uhamiaji ya nchi unayokwenda, kisha kufuata kiungo kilichowekwa humo. Ukitoa namba ya pasipoti na picha yako kwa tovuti usiyoijua, hasara ya ada huwa ndiyo ndogo.

Kwa viza ya Schengen, ombi hupokewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, ingawa sheria inaruhusu kufika siku 45. Mwombaji hupeleka maombi kwa nchi atakayokaa muda mrefu zaidi. Siku zikilingana, kwa ile atakayoingia kwanza. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000. Ikiwa uliwahi kunyimwa viza mahali fulani na fomu inauliza, sema kweli. Kunyimwa kunaelezeka, lakini kuficha kunahesabiwa kuwa udanganyifu na kunaweza kukufungia mlango kwa miaka.

Viza ikishatoka, isome neno kwa neno kabla ya kufurahi. Kagua jina, namba ya pasipoti, idadi ya kuingia, na zaidi ya yote tofautisha kipindi cha uhalali na muda wa kukaa. Viza inaweza kuwa halali kwa miezi sita na bado ikakuruhusu kukaa siku 30 tu. Marekani tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu tarehe iliyo kwenye viza huonyesha mwisho wa kuitumia kuomba kuingia, na muda wa kukaa hupangwa na afisa mpakani na kuandikwa katika kumbukumbu iitwayo I-94.

Hesabu ya siku 90 ndani ya siku 180 katika eneo la Schengen inawashinda hata wasafiri wazoefu, kwa kuwa kipindi cha siku 180 hakianzi upya kwa tarehe maalumu. Kila siku unayokuwa humo, hesabu siku 180 kurudi nyuma, siku hiyo ikiwemo, na jumla ya siku ulizokaa isizidi 90. Tuseme mtu alikaa kuanzia 1 Januari hadi 1 Machi katika mwaka usio mrefu, yaani ambao Februari ina siku 28. Hizo ni siku 60, maana siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Akirudi 1 Mei amebakiwa na siku 30, na siku yake ya mwisho ni 30 Mei. Hana ruhusa tena hadi 30 Juni, ambapo siku za Januari zinaanza kutoka katika hesabu moja baada ya nyingine. Zamani watu walitegemea mihuri iliyofifia; tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kwa awamu mfumo wa kurekodi alama za vidole na sura za wageni wanaoingia na kutoka, na kompyuta inahesabu bila kusahau.

Nchi za kupitia

Sehemu hii hupuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayowaacha watu wengi uwanjani. Kubadilisha ndege katika nchi ya tatu kunaweza kuhitaji viza hata kama hutoki nje ya jengo. Marekani haina utaratibu wa kawaida wa kupita bila kukaguliwa na uhamiaji: kila abiria wa kuunganisha ndege huingia rasmi, hivyo anahitaji viza au idhini. Kwingineko huruhusiwa kusubiri ndani bila viza, mradi tiketi ni moja na begi limeandikiwa hadi mwisho wa safari. Anayenunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa hulazimika mara nyingi kutoka, kuchukua begi na kulikabidhi upya, na kutoka huko ni kuingia nchini. Kabla ya kushangilia nauli nafuu, uliza begi litachukuliwa wapi.

Chanjo na dawa

Chini ya Kanuni za Kimataifa za Afya za 2005, cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo kuchanjwa siku tatu kabla ya safari hakukusaidii mpakani. Tangu 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Fungua kadi kabla ya kuondoka kituoni na uhakikishe kwamba ina tarehe ya chanjo, namba ya toleo la dawa, sahihi ya mtoa chanjo na mhuri wa kituo, kwa sababu kadi yenye pengo moja inaweza kukataliwa. Sharti linaweza kukuhusu kwa sababu ya njia uliyopita tu: baadhi ya nchi hudai cheti kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa huo. Asiyeweza kuchanjwa kwa sababu za kiafya apate maelezo ya maandishi ya daktari katika kadi hiyo hiyo.

Dawa zibaki katika pakiti zake za asili, ziwe kwenye begi la mkononi, na ziambatane na cheti cha daktari kinachotaja jina la kitabibu la dawa, kipimo na sababu. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, dawa za usingizi na zile za kutuliza wasiwasi hudhibitiwa vikali katika nchi kadhaa. Umoja wa Falme za Kiarabu hutaka kibali cha mapema kwa dawa zinazodhibitiwa, na Japani haipokei dawa zenye amfetamini hata ukiwa na cheti cha daktari.

Mizigo, betri na fedha

Betri ya akiba ya kuchajia simu husafiri kwenye begi la mkononi tu. Kikomo ni saa-wati 100 (Wh), kipimo cha nishati inayobebwa na betri. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Ikiwa kifaa kimeandikwa mAh, zidisha kwa volti kisha ugawanye kwa 1,000: betri ya 20,000 mAh yenye volti 3.7 ni saa-wati 74, hivyo inaruhusiwa. Kwa vimiminika, viwanja vingi bado vinashikilia mililita 100 kwa chombo, na kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, si kiasi kilichobaki ndani.

Kuhusu fedha taslimu, watu huchanganya kutangaza na kukatazwa. Marekani na Umoja wa Ulaya hazikatazi kubeba zaidi ya dola 10,000 au euro 10,000. Zinataka tu utangaze ukifikia au kuvuka kiasi zilichopanga. Kanuni hiyo ya kutangaza inafaa pia kwa vyakula, mbegu, ngozi na vinyago. Ukitangaza kitu kisichoruhusiwa, mara nyingi hatua huishia kwenye kunyang'anywa, lakini kikikutwa kimefichwa ni faini au mashtaka. Pembe za ndovu, magamba ya kasa na matumbawe yanasimamiwa na CITES, mkataba wa 1973 wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na risiti ya duka si kibali.

Mbele ya afisa

Viza hukufikisha mlangoni. Ruhusa ya kuingia hutolewa hapo. Maswali ni yale yale: umekuja kufanya nini, utakaa wapi, utaondoka lini, nani analipia. Jibu kwa ufupi na kwa maneno yanayolingana na fomu yako. Beba nakala za karatasi za tiketi ya kurudi, anwani ya malazi, mwaliko na bima, kwa kuwa simu huzima na mtandao wa uwanjani hukwama. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na ndugu, awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, iliyothibitishwa na wakili. Usipoelewa swali, omba lirudiwe au uombe mkalimani. Kuitikia ndiyo kwa adabu bila kuelewa kumewaletea watu mahojiano marefu.

Ukirudishiwa pasipoti, usiondoke dirishani kabla ya kusoma tarehe uliyopewa. Ikiwa imeandikwa vibaya, afisa aliyegonga muhuri anaweza kuirekebisha wakati huo huo, ilhali kesho yake utaanza safari ya ofisi hadi ofisi. Andika siku ya mwisho mahali utakapoiona, na ikiwa utahitaji kuongezewa muda, peleka ombi kabla siku hiyo haijafika.