Skafu ya duara yenye mawimbi, matundu na rangi tatu

Kwenye skafu ya kufuma kwa sindano yenye rangi nyingi, matundu na rangi hugombania jicho. Dawa yake ni mchoro unaokuruhusu kubadilisha rangi mbali na matundu. Ule wa mawimbi kutoka visiwa vya Shetland, Uskoti, uitwao Old Shale, unafaa sana: ni mizunguko minne tu, na mmoja tu ndio wenye kazi.

Uzi wenye rangi zilizochanganywa tayari humeza matundu. Chukua nyuzi tatu za rangi moja moja: iliyokoza, ya kati na iliyofifia. Sufu ya unene wa kati, gramu 50 kwa kila rangi, itatosha na kubaki. Sindano ya mviringo (ncha mbili zilizounganishwa kwa waya) iwe ya milimita 4.5, urefu sentimita 40. Iliyo ndefu zaidi ya skafu yenyewe itavuta vitanzi hadi visikutane. Tafuta pia pete 6 za alama, moja iwe tofauti na nyingine.

Anzisha vitanzi 108 kwa sindano nene zaidi, milimita 5.5, kwa sababu ukingo uliokaza hauwezi kupinda kufuata mawimbi. Vihamishie kwenye ile ya 4.5 ukiweka pete kila baada ya 18. Ile ya tofauti ikae mwanzo wa mzunguko. Kabla ya kuunganisha mwanzo na mwisho kuwa duara, ilaze kazi mezani na uhakikishe ukingo wote wa chini umeelekea ndani. Ukijisokota bila wewe kuona, baada ya mizunguko michache hakuna la kufanya ila kufumua.

Fuma mizunguko mitatu ya ukingo: kinyume (purl), mbele (knit), kinyume. Kisha mchoro:

Mzunguko wa 1 na wa 2: vyote kwa mbele.
Wa 3: fuma viwili pamoja mara 3, zungusha uzi juu ya sindano na ufume kimoja, mara 6, fuma viwili pamoja mara 3. Rudia hivyo baina ya kila pete na pete.
Wa 4: vyote kwa kinyume.

Rangi mpya iingie mzunguko wa 1, basi. Ukiiingiza wa 4, vidoti vya rangi ya zamani vitachungulia upande wa mbele. Mwanzo wa mzunguko wa 2, hamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma. Ngazi inayotokea pale rangi zinapokutana itapungua sana. Usikate uzi kila mara: upandishe kwa ndani, ukiukunja na ule unaotumika kila mizunguko miwili. Ulegeze. Ukiuvuta, upande huo wa skafu utakuwa mfupi na utajikunja.

Kosa la kawaida hutokea mzunguko wa 4, ambapo uzi uliozungushwa huteleza au hufumwa pamoja na jirani yake. Kwa hiyo hesabu. Ukipata 17 baina ya pete, uzi mmoja umeanguka: tafuta kamba iliyolala baina ya vitanzi viwili, iinue kwa ncha ya sindano, ifume kwa kinyume. Ukipata 19, kuna mahali ulisahau kufuma viwili pamoja. Baada ya kila marudio matatu ya mchoro (mizunguko 12), pitisha uzi mwembamba laini ndani ya vitanzi vyote (si ndani ya pete). Ukilazimika kufumua, utaishia hapo.

Marudio 15 hutoa kimo cha sentimita 25 hivi. Malizia kwa mzunguko wa mbele na wa kinyume, kisha funga vitanzi kwa sindano ya 5.5.

Ikitoka sindanoni itaonekana imesinyaa, matundu yamefumba. Iloweke dakika 20 katika maji ya baridi au vuguvugu kidogo. Moto na kusugua hugandisha sufu. Ikandamize ndani ya taulo, usiikamue, kisha ivishe taulo lililokunjwa mviringo ili isipate mkunjo. Vuta kila ncha ya wimbi, ichome pini, na usizitoe mpaka skafu ikauke kabisa.