Kiharusi hakipigi hodi, jipangeni mapema nyumbani

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote na hauna akiba, ndo maana mshipa ukiziba au ukipasuka huko ndani dakika zinauma. Kwahiyo wote mnaoishi nyumba moja, hata watoto, zijueni hizi alama: mdomo kupinda, mkono kuisha nguvu, ulimi kuwa mzito. Ukiwa na wasiwasi mwambie atabasamu, halafu afumbe macho anyooshe mikono yote miwili mbele, wewe tulia uangalie, mmoja unaweza kuuona unashuka taratibu na mwenyewe hata hana habari. Ukishuka wa kulia mara nyingi shida iko ubongo wa kushoto, maana amri za misuli nyingi zinavuka upande pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo, na kwa watu wengi lugha nayo inakaa hukohuko kushoto, ndo unakuta mkono wa kulia na maneno vimepotea pamoja.

Halafu saa jamani. Sio saa mliyomkuta, ni saa ya mwisho alipoonekana mzima! Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwahiyo kama kaamka nazo daktari atawauliza alilala saa ngapi.

Ulizieni leo hospitali gani ina mashine ya CT inayofanya kazi hata usiku, kwasababu bila picha ya kichwa huwezi kujua kwa uhakika kama mshipa umeziba au umepasuka, na matibabu yake hayafanani kabisa. Ndo maana nawaomba sana msikimbilie kumpa aspirini, kama damu inavuja mtaizidisha. Maji na chakula pia hapana, koo likiwa limelegea vinaingia kwenye mapafu. Akipoteza fahamu ila anapumua, mlazeni ubavu.

Dawa anazotumia ziandikwe kwenye karatasi ikae kwenye pochi yake, hasa za kufanya damu iwe nyepesi na za sukari, maana sukari ikishuka sana nayo inaweza kuleta dalili hizohizo.

Na zikiisha zenyewe baada ya dakika 10 msirudi kulala, nendeni, huenda mshipa uliziba ukazibuka na siku 2 zinazofuata ndo za hatari zaidi.