Kutoa sumaku za neodimi kwenye diski mbovu bila asidi

Kompyuta mbovu zilizorundikana kwa mafundi wa Mombasa zina mali ndani. Diski ngumu kwa kawaida huwa na sumaku mbili za neodimi, na yapata asilimia 30 ya uzito wa sumaku hizo ni madini adimu, kama neodimi yenyewe. Sehemu kubwa iliyobaki ni chuma, na boroni kidogo.

1. Chambua kwanza. Diski za SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka ndani, hazina sumaku hizi. Ile pete nyeusi ya spika kubwa ni feraiti, haina neodimi, iweke kando.

2. Fungua diski kwa bisibisi ya nyota, T8 au T6. Skrubu moja hujificha chini ya stika, ipapase kwa kidole. Sumaku ziko pembeni, zimegandishwa kwa gundi kwenye vibao vya chuma.

3. Hapa ndipo penye kazi. Bana upande mmoja wa kibao kwenye jiliwa, shika wa pili kwa koleo, kisha pinda polepole. Gundi itaachia, tak! na sumaku ibanduke nzima. Patasi usiguse: sumaku hii hupasuka kama kigae, na vipande huruka machoni, kwa hiyo vaa miwani. Kuisaga ndiyo hatari zaidi, kwani vumbi lake hushika moto. Mwenye kifaa cha moyo kifuani akae mbali.

4. Hifadhi pakavu, kwenye ndoo yenye kifuniko. Hewa yetu ya bahari haina huruma: ngozi ya nikeli ikichubuka, kutu huingia na sumaku humumunyuka ikawa unga.

5. Mnunuzi akitaka zisivute, zinahitaji joto la zaidi ya nyuzi 310 hivi za Selsiasi. Oveni ya jikoni haifiki, na moshi wa gundi si wa kuvuta. Mwachie mwenye tanuri.

Wengi huniuliza kuhusu kuyeyusha sumaku kwa asidi ili kupata neodimi yake. Mimi sishauri. Nyumbani utabaki na maji machafu, nayo mwisho wake ni mkondo wa Tudor, hapa Mombasa. Kuna njia safi zaidi, lakini za kiwandani: Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, hutumia hidrojeni kuivunja sumaku iwe unga, na maabara ya Ames, Marekani, huiyeyusha kwa chumvi ya shaba.

Wewe uza kwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na leseni hiyo uione kwa macho. Na sumaku zipimwe bila vibao. Vibao ni chuma chakavu, vina bei yake.