Vina vya Kiingereza: Anza na Rundo la Mitumba

Mtoto akiulizwa neno la Kiingereza lenye kina kimoja na suit, asikimbilie daftari. Afumbe macho, alitamke neno lile kwa sauti, asikilize linavyomalizikia. Kina cha Kiingereza hukaa sikioni. Tahajia yake si ya kuaminiwa, na sisi tuliokulia katika Kiswahili, lugha inayoandikwa jinsi inavyotamkwa, tunaiamini tahajia kupita kiasi.

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Umoja, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi. Wanafunzi wangu ni watoto wa majirani, wa gredi ya 4 hadi wa kidato cha nne, na wengi wao mama zao wanauza nguo soko la Mutindwa. Jumamosi utawakuta hapo wakikunja na kupanga. Kwa hiyo somo la kwanza siwapi orodha ya kitabuni. Nawaambia wanitajie vilivyomo kwenye rundo: koti, suti, soksi, sweta, shati, sketi, blauzi, buti. Maneno hayo tuliyatoa kwa Kiingereza, na tuliyatoa kwa kuyasikia. Aliyesema sweta mara ya kwanza hakujua wala hakujali kwamba Waingereza huandika ea pale katikati. Alisikia e, akasema e. Risiti nayo haina p yoyote, ilhali receipt inaandikwa na p ambayo haitamkwi. Neno la mkopo ni shahidi mzuri wa sauti, na mtoto tayari analo kinywani.

Ila kwanza sheria, maana bila sheria mtu hubahatisha. Mshairi wa Kiswahili hutosheka na silabi ya mwisho. Soma na lima zina kina cha -ma, na zikikaa mwisho wa mishororo ya tarbia hakuna atakayezikataa. Kiingereza kinadai zaidi. Tafuta silabi yenye mkazo, simama kwenye irabu yake, na kuanzia hapo hadi mwisho wa neno kila sauti ifanane. Kinachobadilika ni konsonanti iliyotangulia irabu hiyo. Happy, mwenye furaha, na copy, nakala, yote mawili yanaishia kwa -pi. Kwa sikio la utenzi hivyo ni vina safi. Kwa Mwingereza si vina, kwa kuwa mkazo uko kwenye silabi ya kwanza na irabu za pale hazifanani. Mwenzake happy ni snappy, mtu mwepesi wa kukasirika. Wenzake copy ni floppy, kitu kilicholegea, na sloppy, kazi iliyofanywa ovyo ovyo. Ukimweleza hivi mtoto anayependa mashairi ya Kiswahili, anashika upesi, kwa sababu kina anakijua. Unamwonyesha tu kwamba hawa wenzetu wanaanza kukipima mapema zaidi ndani ya neno.

Na konsonanti ya mbele isipobadilika, hujapata kina; umepata maneno mawili yanayosikika kama moja. Fare ni nauli, fair ni haki au maonyesho, na sikio haliwezi kuyatenganisha. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ina sehemu ya stadi za kusikiliza na kuzungumza yenye alama 30, na humo maneno yanayotamkwa sawa ni swali moja, vina vya shairi ni swali jingine. Inaniuma kuona mtoto mwerevu akipoteza alama hapo kwa kuchanganya tu. Ukimuuliza kina cha fare, akupe chair, kiti, hair, nywele, bear, dubu, wear, kuvaa, stair, ngazi, na their, yao.

Sasa tufanye koti. Coat. Ondoa c, ubaki na sauti inayofuata. Pitisha konsonanti mbele yake kwa mpangilio wa alfabeti, pamoja na zile zinazokwenda mbili mbili au tatu kama bl, fl na thr. Kila unapogonga neno la kweli, liandike. Boat, mashua. Bloat, kuvimba tumbo kwa gesi. Float, kuelea. Goat, mbuzi. Moat, handaki la maji linalozunguka ngome. Note, noti. Quote, kunukuu. Throat, koo. Vote, kura. Wrote, aliandika. Tazama sasa: note, quote, vote na wrote hazina oa hata moja. Anayetafuta kwa macho angeyakosa yote manne. Sikio hutangulia, kisha kamusi ndiyo inayotuambia neno linaandikwaje.

Maana isiachwe nyuma. Nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita nachora safu tatu: neno, maana, sentensi. Hiyo ya sentensi ndiyo inayonigharimu muda mwingi, nami siuonei uchungu. Msichana mmoja wa gredi ya 6 aliandika kwamba note ni noti, akaweka kalamu chini. Nikamuuliza, mwalimu akiandika note kwenye kitabu chako, amekubandikia hela? Akafikiri, akaongeza maandishi mafupi. Nikamuuliza tena, na kwaya je? Akakumbuka sauti za muziki, zile nota. Neno moja, maana tatu, na kila moja akaitungia sentensi yake. Light vilevile: mwanga, na pia kitu chepesi. Right: kulia, sahihi, na haki ya mtu. Mtoto akikuletea maana moja tu ya neno fupi la Kiingereza, mrudishe kwenye kamusi.

Suti na buti nimezipenda kwa sababu zinafanana hata kwetu. Suit na boot: tahajia mbali, sauti moja. Ongeza fruit, tunda, root, mzizi, flute, filimbi, shoot, kupiga risasi, au chipukizi la mmea. Ongeza na route, njia ya gari. Watu wa matatu husema ruti, na wako sawa kabisa na matamshi ya Uingereza. Wamarekani wengi hulitamka kama linalolingana na out. Kwa mtihani wetu shika ya makondakta.

Soksi hazina shida. Socks, box ambalo ni sanduku, fox ambaye ni mbweha, clocks, saa za ukutani. Sweta ina utamu wake: sweater, letter, better, na debtor. Letter ni barua au herufi, better ni bora zaidi, na debtor ni mdaiwa, mwenye b isiyotamkwa. Blauzi nayo inafundisha jambo ambalo vitabu vingi vya watoto havigusi. Waingereza humalizia blouse kwa z, kama sisi, kwa hiyo haifanyi kina na house, nyumba, wala mouse, panya. Inakwenda na cows, ng'ombe, na allows, huruhusu. Kiswahili kiliitunza z hiyo wazi kabisa.

Kwenye shati na sketi shahidi wetu anayumba, na hapo ndipo pa kukaa na mtoto polepole. Shirt na skirt ni vina kamili kwa Kiingereza. Sisi moja tukaipa a, nyingine tukaipa e, kwa sababu irabu ile hatunayo. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20, zikiwemo zile za kuteleza kutoka moja hadi nyingine. Hii ya shirt hutoka hivi: ulimi ukae katikati ya mdomo, usipande wala usishuke, midomo isiviringwe wala isitanuliwe, kisha sauti ivutwe. Wenzake ni dirt, uchafu, hurt, kuumia, alert, aliye macho, na dessert, kitindamlo. Jangwa, desert, halimo, maana mkazo wake uko mwanzoni. Desert likiwa kitenzi, kumtoroka mtu au kumtelekeza, mkazo unahamia mwisho na linaingia katika familia hii.

Kiingereza cha Nairobi ni chetu na sikionei haya. Lakini ukweli ni kwamba wengi wetu hutamka hat, hut, heart na hurt kwa sauti moja, na mtoto akivitafutia vina kwa matamshi hayo atavuruga. Dawa yake ni kulipa kila neno mwenzake wa kudumu. Hat, kofia, iende na mat, mkeka. Hut, kibanda, iende na nut, njugu. Heart, moyo, iende na cart, mkokoteni. Hurt iende na shirt. Wanafunzi wangu huimba jozi hizo nne wakiwa wamesimama, na baada ya muda unasikia tofauti hata wanaposoma aya ya kawaida. Fanya hivyo hivyo kwa sit, kuketi, pamoja na fit, kutosha mwilini. Halafu seat, kiti, pamoja na feet, nyayo. Receipt yetu inakaa na feet.

Ipo mitego ya macho. Good, food na blood zinaandikwa kwa oo zote, na hakuna mbili zinazofanya kina. Good, nzuri, ina wood, mbao, na could, ningeweza. Food, chakula, ina mood, hali ya moyo, na rude, asiye na adabu. Blood, damu, ina mud, matope, na flood, mafuriko. Love, upendo, huenda na glove, glavu. Move, kusogea, huenda na prove, kuthibitisha. Stove, jiko, huenda na drove, aliendesha. Height, kimo, hufanya kina na kite, tiara. Weight, uzito, hufanya kina na late, kuchelewa. Halafu kuna ough, ambayo nawapa waliokomaa tu: rough, yenye kukwaruza, ni kama stuff, vitu, cough, kikohozi, ni kama off, though, ingawa, ni kama go, through, kupitia, ni kama shoe, plough, kulima kwa plau, ni kama cow, na thought, wazo, ni kama sport.

Wanafunzi huuliza kwa nini, na wanastahili jibu. William Caxton alipoanza kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, sauti za irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zinahama, na ziliendelea kuhama kwa vizazi kadhaa. Tahajia ikazidi kuganda kwa wachapaji, vinywa vikaendelea na safari. Ile k ya knight, shujaa wa farasi, zamani ilitamkwa. Leo knight na night, usiku, ni sauti moja.

Kuhakikisha, tumia kamusi yenye alama za matamshi, zile zinazowekwa kati ya mistari miwili ya mshazari. Boat utaiona /bəʊt/ na note /nəʊt/. Linganisha kuanzia irabu hadi mwisho. Zikilingana ni kina, hata kama hujawahi kulisikia neno lenyewe. Kwenye neno refu kuna kialama kidogo juu ya mstari, na silabi inayokifuata ndiyo yenye mkazo. Anayetumia kamusi ya simu abonyeze alama ya spika, achague sauti ya Uingereza. Asiye na kamusi nyumbani atazikuta maktabani. Sisi wa Eastlands tuna maktaba za Kaloleni na Makadara.

Kisha watunge. Maneno yaliyokaa tu kwenye kalenda hupotea, ila mtoto aliyeyatumia katika shairi lake hatayasahau kirahisi. Hii ni beti niliyowaandikia kama mfano:

The rain came down on Jogoo Road,
The rider could not find the way,
His bike was bent beneath the load,
We did not get our shoes that day.

Mvua ilinyesha Jogoo Road, mwendeshaji bodaboda akapotea njia, pikipiki imelemewa na mzigo, na siku hiyo viatu hatukuvipata. Mpe mtoto kalamu aweke herufi mwisho wa kila mstari. Road ni a. Way ni sauti mpya, basi ni b. Load inarudi kwa road, a tena. Day inarudi kwa way, b. Mpangilio wa vina ni abab, na hivyo ndivyo unavyoandikwa kwenye mtihani. Neno likija na sauti ambayo haijatokea, lipe herufi inayofuata, c, kisha d. Atumie sikio hapa pia: shairi likimalizia mistari kwa love na move, aweke herufi mbili tofauti, na aeleze kwamba yanafanana kwa macho tu.

Mtoto akikwama kwenye month, mwezi, msimsumbue. Neno hilo halina mwenzake kamili katika Kiingereza cha kila siku, na orange, chungwa, ni hivyo hivyo. Akilitaka month katika beti yake, alisogeze katikati ya mstari, na mwishoni aweke year, mwaka, lenye wenzake tele: hear, kusikia, near, karibu, fear, hofu, clear, wazi.